Kiwanda cha Billancourt na Wahajiri Wake

Siku ambayo waandishi wa tarehe huitaja wanapokieleza kiwanda cha magari cha Renault kilichokuwa Billancourt, kando ya jiji la Paris, ni tarehe 31 Machi 1992, ambapo milango yake ilifungwa baada ya miaka zaidi ya sitini ya kuunda magari juu ya kisiwa cha Seguin, kilichomo katikati ya mto Seine. Siku hiyo ni sahihi, wala sina haja ya kuibishia. Lakini mwenye kuifuatilia habari ya wahajiri waliokitumikia kiwanda hicho, Wakabyle na Waarabu wa Aljeria, Wamoroko, Wasoninke wa bonde la mto Senegal, Wareno na Wayugoslavia, atatambua kuwa mlango uliofungwa siku ile ulikuwa umekwisha kuwafungia watu hao mara kadhaa kabla yake, mmoja mmoja na pasipo kelele, na kwamba walichopotelewa nacho si ujira peke yake. Kwao kiwanda kilikuwa ndio udhuru wa kuishi ughaibuni. Ndicho kilichomwezesha mume kuwa mbali na ahali zake miaka ishirini bila ya kulaumiwa na wazee wa kijiji. Ndicho kilichomjibia mtu alipoulizwa na askari anafanya nini katika nchi isiyo yake. Na ndicho kilichoipa maana kila siku ya dhiki na kila usiku wa upweke, maadamu mwisho wa mwezi hawala ya fedha ilifika nyumbani. Udhuru huo ulipoondoka, watu walibaki pale pale walipokuwa, lakini hawakuwa tena na la kuwajibu wenyeji wala la kuwajibu jamaa zao.

Mwanzo wa mambo ulikuwa mdogo. Louis Renault, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa Paris, aliunda gari lake la kwanza mwaka 1898 katika kibanda kilichokuwa ndani ya bustani ya wazazi wake huko Billancourt, na kutoka kibanda hicho akazidi kununua kiwanja baada ya kiwanja na mtaa baada ya mtaa, hata vita vikuu vya kwanza vilipokwisha, navyo vilikuwa vimemtajirisha kwa vifaru na zana nyinginezo, akawa na ardhi kubwa ukingoni mwa mto na jicho lake limekwisha kutua juu ya kisiwa. Mwaka 1929 alianza kukijenga. Aliuinua usawa wa ardhi ili mafuriko ya Seine yasiifikie mitambo, akakiunganisha kisiwa na kingo zote mbili kwa madaraja, akajenga gati ya kupakulia shehena, mtambo wake mwenyewe wa umeme, na chini ya ardhi barabara ya kuyajaribia magari. Na juu ya hekta zipatazo 11 akasimamisha majengo ya ghorofa ambamo bati liliingia upande mmoja na gari likatoka upande wa pili likiwa linakwenda kwa nguvu zake. Katika zama za fahari yake, kisiwa pamoja na karakana za ng'ambo vilikusanya watu zaidi ya 30,000, na migomo yao ya mwaka 1936, ya mwaka 1947 na ya mwaka 1968 iliitikisa serikali ya Ufaransa kuliko hotuba yoyote iliyosemwa katika baraza la kutunga sheria.

Wageni walikuwamo tangu zamani. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 walifika Warusi waliokimbia nchi yao, miongoni mwao maofisa wa jeshi la mfalme, wakashika nyundo na spana pale Billancourt, wakawa na kanisa lao na maduka yao, na mwandishi Nina Berberova akawaandikia hadithi ambazo hata leo ni katika kumbukumbu bora za mtaa ule. Mwishoni mwa mwaka 1925 alikuwapo karakanani kijana wa Kichina aitwaye Deng Xiaoping, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuiongoza nchi yake. Wakabyle nao, watu wa milima ya kaskazini mwa Aljeria, walikuwa wamekwisha kuanza kuivuka Bahari ya Kati, kwani tangu uasi wao wa mwaka 1871 ulipozimwa na ardhi zao nyingi kutwaliwa na wakoloni, mizeituni na mitini iliyobaki haikutosha kuwalisha wote waliozaliwa chini yake.

Vita vya pili viliugeuza mwendo wa mambo. Tarehe 3 Machi 1942 ndege za Waingereza zilikipiga kiwanda mabomu kwa sababu kilikuwa kikiwaundia Wajerumani malori, na mitaa iliyokizunguka ikapoteza watu wengi. Louis Renault, aliyetuhumiwa kushirikiana na adui, alifariki Oktoba 1944 akiwa bado hajahukumiwa. Na Januari 1945 serikali ikakitwaa kiwanda kikawa mali ya taifa. Tangu hapo Billancourt ikawa mfano uliotazamwa na nchi nzima. Wafanyakazi wake walipata wiki ya tatu ya likizo yenye malipo mwaka 1955 na wiki ya nne mwaka 1962, na kila walichokipata wao, vyama vya wafanyakazi vilikidai kwingineko. Gari dogo la 4CV, na baadaye Renault 4 iliyoanza kuundwa mwaka 1961, zilipendwa na watu mno, na mikono ya Wafaransa haikutosha. Au, kwa usahihi zaidi, Mfaransa aliyeweza kupata kazi nyingine hakuwa radhi kusimama mbele ya tanuri la kuyeyushia chuma wala mbele ya mashine ya kukandamiza bati. Basi mikono ikatafutwa Aljeria, ambako tangu mwaka 1947 sheria ilikuwa imewahesabu wenyeji kuwa raia wa Ufaransa, angalau katika karatasi, na hivyo mtu aliweza kupanda meli Algiers na kushuka Marseille bila ya kuulizwa hati.

Namna walivyofika Billancourt inastahili kuelezwa kwa utuvu, kwa kuwa ndiyo iliyofanya kufungwa kwa kiwanda kuwa msiba wa vijiji na si wa watu binafsi tu. Mtu hakufika peke yake. Alifika akiwa na jina la jamaa yake mmoja na jina la mkahawa mmoja, na mwenye mkahawa huyo aghalabu alikuwa mtu wa kijiji chake au wa kijiji cha jirani, aliyekuja zamani, akachoka na karakana, akanunua biashara ndogo katika vichochoro vilivyokuwa karibu na uwanja uliokuwa mbele ya lango la kiwanda. Chini palikuwa na meza za kunywea kahawa na kuchezea dhumna. Juu palikuwa na vyumba, na ndani ya chumba vitanda, na mara nyingine kitanda kimoja kikawa cha watu wawili wa zamu mbili, mmoja akiamka mwenzake akilala. Mwenye mkahawa aliwapokelea barua, akawasomea wasiojua kusoma, akawakopesha mpaka siku ya mshahara, akamwambia mgeni ni nyapara yupi aliyekuwa akitafuta watu wiki ile. Na mtu alipofariki, jamaa wa kijiji walikutana mkahawani, daftari likafunguliwa, kila mmoja akatoa fungu lake, na maiti ikasafirishwa kwenda kuzikwa kwao, kwani aibu ya kumwacha mwenzao azikwe katika ardhi ya ugenini ilikuwa juu ya kijiji kizima. Baraza la wazee lililokuwa milimani lilikuwa, kwa maneno mengine, na tawi lake Billancourt, na tawi hilo ndilo lililojenga msikiti, ndilo lililochimba kisima, ndilo lililowaoza vijana. Kiwanda kilikuwa shina la yote hayo, ingawa mabwana wa kiwanda aghalabu hawakujua hata majina ya vijiji hivyo.

Na kazi yenyewe tuitazame kwa karibu. Katika karakana ya kukandamiza bati, mtu alisimama mbele ya mashine yenye kimo cha kumzidi mara kadhaa. Alivuta bamba la bati lililopakwa mafuta, akaliweka juu ya kalibu, akarudisha mikono, akabonyeza vitufe viwili kwa mikono yote miwili pamoja, kwa kuwa mashine ilitengenezwa hivyo ili isimkate vidole, na uzito wote ukashuka, sakafu ikatetema, na bamba likawa mlango wa gari. Kisha bamba jingine. Glovu zililowa mafuta zikateleza, kingo za bati zikachana ngozi, na mshindo ukaingia masikioni ukabaki humo hata nyumbani, hata usingizini, hata uzeeni. Aliyefanya kazi hiyo aliandikwa katika daraja la O.S., lililo juu kidogo ya kibarua na chini ya fundi, na tofauti ya O.S. na fundi haikuwa ya ujira tu: fundi alikuwa na ujuzi ambao angeweza kuuchukua akaenda nao kwingine, ilhali O.S. alijua mashine moja, na mashine hiyo ilikuwa mali ya kiwanda. Waaljeria wa Billancourt, takriban wote, waliingia katika madaraja hayo ya chini, na wengi mno wakazeeka humo. Mwanachuoni Abdelmalek Sayad, ambaye mwenyewe alizaliwa Kabylia, alipowachunguza alisema kuwa mhajiri ni O.S. wa maisha, na maneno hayo hayakuwa mafumbo. Yalikuwa maelezo ya hali halisi.

Katika miaka ya vita vya ukombozi wa Aljeria, kuanzia 1954 hata 1962, wanaume hao waliishi maisha mawili. Mchana waliunda magari ya kampuni ya taifa la Ufaransa. Jioni walilipa katika mikahawa ile ile mchango wa chama cha FLN kilichokuwa kikipigana na taifa hilo. Na tarehe 17 Oktoba 1961, Waaljeria wa Paris na vitongoji vyake walipotoka kwa makumi elfu kuandamana kwa amani dhidi ya amri ya kutotoka nje usiku, polisi waliwapiga, wakawaua wengi, na wengine wakatupwa ndani ya Seine, mto ule ule uliokizunguka kiwanda. Miezi kadhaa baadaye nchi yao ilipata uhuru, nao wakaamka siku moja wakiwa wageni kwa sheria mahali ambapo hadi jana walikuwa raia kwa karatasi. Kazi yao haikubadilika.

Serikali ya Ufaransa baada ya hapo ilifunga mikataba mingine ya kuleta watu, na Moroko, Tunisia, Mali, Mauritania na Ureno mwaka 1963, na Senegal mwaka 1964, na Yugoslavia mwaka 1965, hata kisiwa cha Seguin kikawa mahali ambapo lugha nyingi zilisikika katika zamu moja na kwa mshahara mmoja, nao ulikuwa mdogo. Juu ya misukosuko ya mwaka 1968 yameandikwa mengi na sina la kuongeza. Naona haifai, hata hivyo, kuupita haraka mgomo wa mwaka 1973, ambao vitabu vingi huutaja kwa sentensi moja. Desturi ya malipo wakati huo ilikuwa kwamba ujira unafuata mashine na si mtu, kiasi kwamba aliyehamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine aliweza kupunguziwa, au akalipwa chini ya mwenzake aliyefanya kazi ile ile upande wa pili wa ukuta. Mwezi Machi, watu wapatao 370 wa mashine za kukandamiza bati, wengi wao wahajiri, waliziacha mashine zao wakadai kwamba wenye kazi moja wawe na ujira mmoja. Wiki tatu hawakurudi. Mlango wa gari usipokandamizwa gari haliundwi, na hivyo maelfu ya wenzao wakakosa kazi ya kufanya, na nchi ikatanabahi kwa mara ya kwanza kwamba watu waliodhaniwa kuwa ni mikono tu walikuwa pia na kauli. Walipata sehemu ya walichokidai. Lakini kwa rai yangu faida kubwa haikuwa ya fedha: mtu aliyekuja kwa ajili ya kijiji chake alikuwa amesimama, mbele ya mabwana na mbele ya wenzake Wafaransa, kudai haki iliyokuwa yake pale kiwandani, na tangu siku hiyo hakuweza tena kusema kwa moyo mmoja kwamba yeye ni mpita njia.

Ndipo milango ilipoanza kufungwa. Bei ya mafuta ilipanda; Septemba 1973 Aljeria yenyewe, iliyochoshwa na dhuluma walizokuwa wakitendewa watu wake huko, ilisimamisha kuwapeleka wafanyakazi Ufaransa; na Julai 1974 Ufaransa ikasimamisha kuwapokea wafanyakazi wa kigeni. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha yaliyotazamiwa. Zamani mtu alikuja miaka mitatu minne, akarudi kwao, na mdogo wake au mpwa wake akaja kukishika kitanda chake na mashine yake. Sasa, kwa kuwa aliyetoka hakuruhusiwa kurejea, kila mtu alikaa, na amri ya Aprili 1976 ilipoweka kanuni za kuwaleta wake na watoto, waliokaa wakawaleta ahali zao katika nyumba za ghorofa za vitongojini. Mwaka huo huo wa 1976 Waislamu wa kiwanda, baada ya kuandika ombi na kukusanya sahihi, walipewa mahali pa kusalia ndani ya kisiwa. Kabla ya hapo waliokuwa na bidii walisali katika vipembe vya karakana, kati ya makreti na mashine, wakati wa mapumziko. Wapo Wafaransa walioliona jambo hilo kuwa ni hatari, na wapo wana vyama walioliona kuwa ni hila ya mabwana ya kuwagawanya wafanyakazi. Mimi naliona kuwa ni dalili ya wazi kuliko zote ya kwamba watu hao walikuwa wamekata shauri la kubaki, kwa sababu mtu hatafuti kibla cha kudumu mahali anapopita tu.

Walipokata shauri la kubaki, kiwanda kilikuwa kinakata shauri la kuondoka. Majengo ya ghorofa yaliyosifiwa mwaka 1930 yalikuwa kero katika zama za roboti, kwa kuwa gari lilibidi lipandishwe na kushushwa. Kisiwa hakikuwa na nafasi ya kuongezwa. Ardhi iliyokuwa mlangoni mwa Paris ilikuwa na thamani kubwa kuliko chochote kilichoweza kuundwa juu yake. Na Flins, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1952 makumi ya kilomita chini ya mto, pamoja na viwanda vya kaskazini, vilikuwa vipya na vyenye wasaa. Mwaka 1984 kampuni ilipata hasara ya faranga bilioni 12.5. Matanuri na karakana za kufulia chuma zikazimwa, idara moja baada ya nyingine ikahamishwa, na waliotangulizwa mbele kila mara walikuwa wa daraja la O.S. Palikuwa na mafunzo kwa wale waliotaka kujifunza mashine mpya, lakini mashine mpya zilikuwa na vioo vya maandishi na vitabu vya maelezo, na mtu wa miaka hamsini aliyetoka mlimani pasipo kuona madarasa ya shule alipewa karatasi ya mtihani akairudisha tupu. Wengi wao waliajiriwa kwa kuwa hawakusoma, kwani wasiosoma walidhaniwa kuwa wavumilivu. Wakaachishwa kwa kuwa hawakusoma.

Hapo ndipo lilipokuja jambo la kulipwa mtu ili arudi kwao. Mwaka 1977 waziri Lionel Stoléru alikuwa amekwisha kutoa faranga 10,000 kwa kila mhajiri atakayekubali kuondoka, na walioziitikia zaidi walikuwa Wareno na Wahispania, si Waafrika wa Kaskazini waliokusudiwa. Mwaka 1984, baada ya vurugu kubwa za kiwanda cha Talbot huko Poissy ambako wahajiri wengi walikuwa katika walioachishwa kazi, serikali ilileta mpango mpya wenye fedha nyingi zaidi, ukichangiwa na serikali, na mfuko wa wasio na kazi, na mwajiri, na kampuni za magari zikauingiza ndani ya karakana zao. Sharti lilikuwa kurudisha hati ya ukaazi. Na afikirie msomaji hali ya mtu aliyeitwa ofisini, akaoneshwa jumla ya fedha ambazo hajapata kuziona kwa pamoja maisha yake yote, zikimtosha kununua lori au kufungua duka katika mji wa karibu na kwao, naye ana binti anayekaribia mtihani katika shule ya kitongojini na mwana asiyejua lugha ya babu yake ila maamkizi. Waliotwaa fedha wapo. Wengine biashara zao zilisimama, wengine lori liliharibika mwaka wa pili na mlango wa kurudi Ufaransa ulikuwa umefungwa nyuma yao kwa sahihi ya mkono wao wenyewe. Waliokataa walirudi karakanani wakijua kuwa kiwanda kimekwisha kuwaambia, kwa adabu na kwa hesabu ya fedha, kwamba hakiwahitaji tena. Kwa hao, kufungwa kulitokea siku hiyo ofisini.

Tarehe 21 Novemba 1989 mkuu wa kampuni, Raymond Lévy, alitangaza rasmi kwamba Billancourt itafungwa, na wakati huo waliobaki kisiwani walikuwa elfu chache tu. Vyama vya wafanyakazi viliandamana, lakini nguvu iliyoangusha mipango ya serikali mwaka 1947 haikuwapo tena. Waliokaribia umri walipewa pensheni za mapema, vijana walihamishiwa Flins na kwingineko, wengine wakapewa kiinua mgongo na kuagwa. Gari dogo la Supercinq likawa la mwisho kushuka kutoka kisiwani.

Je, kufungwa huko kuliwapataje wahajiri? Sayad, ambaye kitabu chake La Double Absence kilitoka mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya kufariki kwake, ndiye aliyelifunua jambo hili kwa ufasaha zaidi. Mwenyeji akipoteza kazi, asema, hupoteza kazi. Mhajiri akipoteza kazi hupoteza sababu ya kuwapo alipo, kwa kuwa machoni mwa waliompokea na machoni mwa waliomtuma, na mara nyingi machoni mwake mwenyewe, hakuwa na sababu nyingine. Hayupo kwao, kwa kuwa ameondoka. Na hayupo alikohamia, kwa kuwa hahesabiwi. Kiwanda kilikuwa kimeufunika utupu huo miaka arobaini. Sasa mwanamume aliyekuwa akiondoka alfajiri na kurejea usiku alikaa nyumbani mchana kutwa, katika sebule ndogo ya ghorofa ya kitongojini, mbele ya watoto waliomzoea kwa mgongo wake, na heshima yake ya baba, iliyosimama juu ya uchovu wake, haikuwa na pa kusimamia. Aliyekuwa hajaleta ahali zake alikaa katika bweni la wafanyakazi, katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya kijana mseja atakayerudi kwao baada ya miaka michache, naye sasa ana mvi. Na barua kutoka kijijini ziliendelea kuja zikiwa na maombi yale yale, kwa sababu kijijini hakuna aliyeamini kwamba kiwanda kikubwa kama kile chaweza kufungwa.

Mitaa nayo ilibadilika sura. Mikahawa iliishi kwa zamu: watu walipoingia na watu walipotoka. Zamu zilipokwisha, wenye mikahawa waliuza, na viwanja vya karakana za ng'ambo, ambavyo siku hizi huitwa Trapèze, vikajengwa nyumba za fahari, ofisi na bustani zenye mabwawa ya maji. Tawi la baraza la kijiji halikuwa tena na uwanja wa kukutania. Michango ya maiti haikufa, alhamdulillahi, ila daftari lilihama, likaenda misikitini na katika vyama vya vitongojini, na maarifa yale ya kupeana kazi, ambayo kijiji kiliyajenga kwa vizazi vitatu, yalikoma kwa kuwa hapakuwa na kazi ya kupeana. Baadhi ya wana walikwenda Flins na katika kiwanda cha Citroën cha Aulnay. Lakini Aulnay ilitoa gari lake la mwisho Oktoba 2013, na Flins iliacha kuunda magari mapya mwaka 2024, na hivyo zipo familia zilizoonja jambo hili katika kizazi cha baba na tena katika kizazi cha mwana.

Majengo ya kisiwani yalisimama tupu zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1999 msanifu Jean Nouvel aliandika katika gazeti la Le Monde kwa ghadhabu kuupinga mpango wa kuyabomoa, na tajiri François Pinault alikusudia kujenga hapo nyumba ya hazina zake za sanaa, kisha mwaka 2005 akachoka na ucheleweshaji akazipeleka Venice. Majengo yalibomolewa. Tangu Aprili 2017 upande mmoja wa kisiwa una jumba la muziki liitwalo La Seine Musicale, kazi ya wasanifu Shigeru Ban na Jean de Gastines, nalo ni jumba zuri, na sina neno la kulilaumu. Wafanyakazi wa zamani, wahajiri wengi miongoni mwao, waliunda chama chao cha ATRIS kudai kwamba katika kisiwa hicho patengwe mahali pa kuhifadhi kumbukumbu ya waliofanya kazi hapo. Vilivyobaki vya kushikika ni vichache, kama daraja la Daydé na lango la kale upande wa mjini, navyo havitoshi.

Dai jingine la wazee hao, ambao watu wa Maghreb huwaita chibani, ni la mkate. Pensheni ya mtu aliyeishi kwa ujira wa O.S. ni ndogo, na sheria huiongezea ruzuku ya uzee. Ila ruzuku hiyo hupewa aishiye Ufaransa sehemu kubwa ya mwaka, na akikaa kijijini kwake zaidi ya muda uliowekwa hukatiwa, na pengine hudaiwa arudishe aliyokwisha kula. Mzee huyo huhesabu miezi yake kwa hati ya safari, huku na huko, akiwa na nyumba aliyoijenga milimani kwa mishahara ya kiwanda asiyoweza kuikalia, na chumba cha bweni asichokipenda asichoweza kukiacha. Nasema kwa uwazi kwamba hiyo si insafu. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ya Paris iliihukumu kampuni ya reli ya Ufaransa kuwalipa fidia mamia ya Wamoroko waliofanywa duni katika madaraja na katika pensheni zao, jambo linaloonyesha kuwa haki ya namna hii yaweza kutafutwa na kupatikana hata baada ya miaka arobaini, ilimradi ushahidi wa maandishi uwepo. Na wa Billancourt upo. Kadi za waajiriwa zilihifadhiwa, na mwanahistoria Laure Pitti alizifanyia kazi kwa miaka alipoitafiti habari ya Waaljeria wa kiwanda hicho; humo mtu huweza kufuatwa tangu alipoingia, akiwa na jina lake, mahali alipozaliwa na daraja alilopewa siku ya kwanza, mpaka alipotoka, na kwa wengi mno wao daraja la kuingilia na daraja la kutokea ni moja.